Nakivubo kabla ya tingatinga

Mwaka 1978 Simba ya Tanzania ilitoka Kampala mikono mitupu. Fainali ya klabu bingwa Afrika Mashariki na Kati iliisha 0–0 dhidi ya KCC, na penalti zikaamua: 3–2 kwa wenyeji. Kisha 1993 Yanga, nayo ya Tanzania, ikaenda Kampala, ikaifunga SC Villa 2–1 na kurudi Jangwani, Dar es Salaam, na kombe hilohilo.

Enzi hizo uwanja mkuu wa Uganda ulikuwa Nakivubo. Ulianza 1926, bondeni katikati ya mji, unapopita mfereji wenye jina hilohilo, mahali ambapo mvua kubwa ikinyesha maji hutafuta njia popote. Upande wa pili wa ukuta wa uwanja ni soko la Owino na marundo yake ya mitumba, na si mbali kuna stendi ya daladala, zile ambazo Waganda huziita teksi. Shabiki angeweza kununua shati, kuingia kwenye mechi, kisha kupanda gari la kurudi kijijini bila kutembea sana.

Uwanja huo ulibeba uzito zaidi ya mpira. Miaka ya 1950 ulifanywa ukumbusho wa askari wa Uganda waliokufa katika Vita Kuu ya Pili. Wengi walikuwa wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni lililoongea Kiswahili kambini, waliopelekwa hadi misitu ya Burma. Sheria maalumu iliuweka mikononi mwa wadhamini. Ni ukumbusho wa heshima kuliko sanamu yoyote: watoto wa wale askari walikuja kucheza na kushangilia papo hapo.

Hapo ndipo ilipozaliwa Villa. Mwaka 1975 vijana walianzisha timu iliyoitwa Nakivubo Boys, baadaye ikawa Nakivubo Villa, hatimaye SC Villa. Kufikia 1991 ilicheza fainali ya klabu bingwa Afrika. Mechi ya kwanza huko Tunis ilikuwa kipigo: Club Africain 6, Villa 2. Marudiano yalichezwa Nakivubo, mlima ukiwa mrefu mno, na yakaisha 1–1. Kombe likabaki Tunisia, lakini hakuna klabu ya Uganda iliyowahi kufika mbali zaidi katika mashindano hayo.

Mwaka 1997 ulifunguliwa uwanja wa taifa wa Mandela, Namboole, na mechi kubwa zikahamia huko. Nakivubo ukazidi kuzungukwa na maduka, hadi yule aliyeujua tangu utotoni angepita nje asiione nyasi.

Mwaka 2017 majukwaa yakabomolewa. Mfanyabiashara Hamis Kiggundu ndiye aliyejenga upya, maduka yakiwa sehemu ya mradi, na mjadala ukawaka: ardhi iliyowekwa kwa ajili ya wafu wa vita inaweza kuwa ya biashara kwa kiasi gani? Swali hilo lilistahili muda zaidi kuliko lilivyopewa.

Uwanja mpya, Hamz, ulifunguliwa 2024. Mwaka huohuo Villa ilitwaa ubingwa wa Uganda, wa kwanza tangu 2004.