Bustani Zilizookolewa kwa Kuuliza

Ukikaa kwenye benchi pale Jeevanjee, katikati ya tao, umekalia ardhi iliyonusurika. A. M. Jeevanjee aliwapa wakazi wa Nairobi bustani hiyo mwaka 1906. Mwaka 1991 ukaja mpango wa kuigeuza maegesho ya magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza watu kuupinga. Miaka miwili kabla, Uhuru Park nayo ilitakiwa kwa jumba la ghorofa 60. Wangari Maathai akaandika barua ofisi hii na ile. Alitukanwa hadi bungeni, lakini jumba halikujengwa.

Bustani zote mbili ziliponea kwa sababu habari zilimfikia mtu kabla ya tingatinga kufika. Hiyo ndiyo kazi ya ripoti ya mazingira ya kaunti. Shida ni kwamba miche iliyopandwa ni rahisi kuhesabu, na inapendeza kwa picha. Ekari zilizomegwa nani ataziandika?

Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya kuuliza. Wangari aliuliza bila hicho kifungu. Sisi tunacho, sasa tunangoja nini?