Nani Atamsemea Mtoto Mbele ya Tribinali?

Katika Kongo, sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda kila mtu asiyetimiza miaka 18. Ndiyo iliyoanzisha tribinali za watoto, na Lubumbashi inayo yake. Mtoto aliyetupwa, anayeteswa au anayeitwa mchawi si mkosaji. Mfanyakazi wa huduma za jamii humtafutia makao, na jambo lake hufika kwa hakimu wa watoto. Anayemshitaki mtoto kwa uchawi, hata akiwa mchungaji, anaweza kufungwa mwaka 1 hadi 3.

Mwaka 1977, huko Seattle, Marekani, hakimu David Soukup alianza kuita raia wa kujitolea wamtembelee mtoto na kueleza hali yake mbele ya korti. Kwetu pia mwamini anaweza kumsindikiza mtoto, kutoa ushuhuda wa aliyoyaona, na kurudi kumtazama. Kuzungumza kisheria ni kazi ya wakili.

Kesi hizi husikilizwa faraghani. Basi tumwombee mtoto bila kutaja jina lake kanisani. Mithali 31:8 inatutuma kumsemea, si kumtangaza.