Grand Est: Mpaka Uliofunguka, Kodi Zisizovuka

Grand Est ni mkoa pekee wa Ufaransa unaopakana na nchi nne: Ubelgiji, Luxembourg, Ujerumani na Uswisi. Uliundwa tarehe 1 Januari 2016 kwa kuunganisha Alsace, Lorraine na Champagne-Ardenne. Una eneo la takriban kilomita za mraba 57,400 na wakazi wapatao milioni 5.5. Uhusiano wake na Ulaya huelezwa mara nyingi kwa kutaja majengo ya Strasbourg, yaani Bunge la Ulaya, Baraza la Ulaya lililoanzishwa mwaka 1949, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Majengo hayo yana uzito wake. Hata hivyo, anayetaka kuelewa uchumi wa mkoa huu atafaidika zaidi akifuatilia mshahara wa mfanyakazi anayelala Thionville na kufanya kazi Luxembourg, kisha akauliza kodi ya mshahara huo inaishia wapi. Mpaka umefunguliwa kwa watu na bidhaa, lakini hazina za serikali zimebaki kila moja nyumbani kwake, na pengo hilo ndilo linaloamua nani ananufaika na ujirani.

Kisa chenyewe kilianzia ardhini. Lorraine ina madini ya chuma yanayoitwa minette, yenye chuma kiasi cha theluthi moja tu na fosforasi nyingi iliyofanya chuma chake kiwe rahisi kukatika. Ujerumani ilipoitwaa Alsace na sehemu ya Lorraine mwaka 1871, madini hayo hayakuwa na thamani kubwa kwa watengeneza chuma cha pua. Mambo yaligeuka baada ya mwaka 1878, mbinu ya Thomas na Gilchrist ya kuondoa fosforasi ilipofanikiwa. Ghafla mpaka uliochorwa na majenerali ukawa unapita katikati ya hazina. Ukoo wa de Wendel, uliokuwa na viwanda Hayange upande uliotwaliwa, ulijenga kiwanda kingine Jœuf, upande uliobaki Ufaransa. Familia moja ikawa inafua chuma chini ya bendera mbili.

Alama za mpaka ule bado zinaonekana kwa macho. Treni za Ufaransa hupita upande wa kushoto, lakini zile za Alsace na Moselle, sehemu ile ya Lorraine iliyotwaliwa, hupita kulia, kama Wajerumani walivyozipanga. Mahali mpaka wa zamani ulipokuwa, njia moja ya reli hupanda daraja, huvuka juu ya nyingine na kushuka upande wa pili, ili treni zibadilishane nafasi bila kusimama. Sheria nazo zimebeba historia hiyohiyo: Alsace na Moselle zina mfuko wao wa ziada wa bima ya afya, na tarehe 26 Desemba ni sikukuu huko, ilhali kwingine Ufaransa ni siku ya kazi.

Mwanasiasa Robert Schuman alitoka katika mazingira hayo. Alizaliwa Luxembourg mwaka 1886 akiwa raia wa Ujerumani, akawa Mfaransa baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na akaiwakilisha Moselle bungeni. Tangazo lake la tarehe 9 Mei 1950 lilipendekeza makaa ya mawe na chuma cha Ufaransa na Ujerumani viwekwe chini ya mamlaka moja iliyo wazi kwa mataifa mengine. Mwaka uliofuata mataifa sita yalitia saini mkataba wa Jumuiya ya Ulaya ya Makaa ya Mawe na Chuma. Kwa mtu wa Moselle, pendekezo hilo lilihusu vitu vilivyokuwa mbele ya mlango wake.

Inasikitisha kwamba vitu hivyo ndivyo vilivyotangulia kufa. Madini ya ng'ambo yenye chuma kingi zaidi yaliishinda minette kwa bei, na mwishoni mwa miaka ya 1970 mji wa Longwy ulitikiswa na maandamano makubwa dhidi ya kufungwa kwa viwanda. Mgodi wa mwisho wa chuma, huko Audun-le-Tiche, ulifungwa mwaka 1997, na ule wa mwisho wa makaa ya mawe, La Houve mjini Creutzwald, mwaka 2004. Matanuru ya Florange yalizimwa mwaka 2011 na hayakuwashwa tena.

Uchumi wa leo una sura nyingi. Champagne inaishi kwa mvinyo wake, ambao sehemu kubwa huuzwa nje ya nchi. Mto Rhein unaipa Alsace umeme wa maji tangu bwawa la Kembs lilipoanza kazi mwaka 1932, na unaifanya Strasbourg kuwa miongoni mwa bandari kuu za mtoni nchini. Viwanda vya magari vipo, ila hatima yake huamuliwa mbali. Kiwanda cha Hambach kilizinduliwa mwaka 1997 na Jacques Chirac pamoja na Helmut Kohl kama ishara ya urafiki wa mataifa mawili. Miaka 23 baadaye wamiliki wake Wajerumani walikiuza kwa kampuni ya Ineos.

Kaskazini mwa Lorraine, jibu la wananchi lilikuwa kuvuka mpaka. Zaidi ya watu 100,000 wanaoishi Ufaransa wameajiriwa Luxembourg, na wengi wao hutoka Grand Est. Sababu yake ni rahisi kuiona: mwaka 2024 kima cha chini cha mshahara Luxembourg kilizidi euro 2,500 kwa mwezi kabla ya makato, wakati Ufaransa kilikuwa karibu euro 1,770. Kila alfajiri barabara ya A31 na treni za Metz–Thionville–Luxembourg hujaa. Mji wa Esch-sur-Alzette, upande wa Luxembourg, na ule wa Audun-le-Tiche inapakana kiasi kwamba mgeni hawezi kutambua inapoachana. Ilichimba madini yaleyale na kupokea wahamiaji walewale wa Kiitalia. Upande wa Esch, matanuru ya zamani ya Belval yamehifadhiwa, na tangu mwaka 2015 chuo kikuu kinafundisha chini ya kivuli chake. Upande wa Ufaransa, kazi kubwa ya miji jirani ni kuwapa makazi wanaofanya kazi ng'ambo.

Hapo ndipo hesabu inapokosa usawa. Muuguzi husomeshwa kwa fedha za Ufaransa, kisha hulipa kodi ya mapato na michango ya bima Luxembourg. Akipoteza kazi, kanuni za Umoja wa Ulaya huelekeza mafao yake yalipwe na nchi anamoishi, huku nchi alikofanyia kazi ikirudisha kwa kawaida gharama za miezi mitatu ya mwanzo tu. Halmashauri ya kwake inabaki na mzigo wa shule ya watoto, barabara na maji, bila mgawo wowote wa kodi ile. Ubelgiji haiko hivyo: tangu miaka ya 1970 Luxembourg hutoa fungu la fedha kwa ajili ya halmashauri za Kibelgiji wanakoishi wafanyakazi wa mpakani. Kwa Ufaransa, makubaliano ya mwaka 2018 yalihusu kuchangia miradi kama reli na maegesho.

Watetezi wa Luxembourg husema kwamba mishahara hiyo hutumika katika maduka ya Lorraine, na ni kweli. Lakini fedha hizo hizo hupandisha kodi za nyumba mpaka mwenye mshahara wa Kifaransa anashindwa kupanga Thionville. Fedha ya dukani haijengi shule. Kwamba njia nyingine inawezekana kunathibitishwa kusini mwa mkoa huohuo. Kwa makubaliano ya mwaka 1983, wakazi wa Alsace wanaofanya kazi Basel hulipa kodi ya mapato Ufaransa, na Ufaransa huipa Uswisi asilimia 4.5 ya jumla ya mishahara yao. Uswisi haimo hata katika Umoja wa Ulaya. Jirani asiye mwanachama amekubali kugawana, na mwanachama mwanzilishi bado.

Tatizo hilohilo hujitokeza hata pale ambapo mshahara hauhusiki. Ujerumani ilipoanza kutoza malori ushuru wa barabara kuu mwaka 2005, madereva wengi walivuka Rhein na kushika A35 ya Alsace, isiyo na malipo. Uamuzi halali wa Berlin ukawa moshi na foleni Colmar na Strasbourg. Ilichukua hadi sheria ya mwaka 2019, iliyounda Mamlaka ya Ulaya ya Alsace iliyoanza kazi Januari 2021, ndipo chombo cha eneo lenyewe kikakabidhiwa barabara hizo pamoja na uwezo wa kuyatoza malori yanayopita.