Kipande cha Muhogo: Safari Yake na Maradhi Yake

Apandaye mahindi hutia ardhini punje, naye apandaye muhogo hutia kijiti. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ndani yake mna historia ndefu, mna shibe na mna njaa. Leo twapenda kueleza jinsi kijiti hicho kilivyofika kwetu, na kwa nini mkulima hana budi kukichungua vema kabla ya kukifukia.

Asili ya muhogo si Afrika. Kwao ni Amerika ya Kusini, ambako wenyeji waliupanda maelfu ya miaka kabla Wazungu hawajafika. Katika karne ya 16 Wareno waliutoa Brazil wakaupeleka pwani ya magharibi ya Afrika, nao ukaingia Kongo. Upande wetu wa mashariki ulipitia visiwani. Mahé de La Bourdonnais, gavana wa Kifaransa aliyeanza kutawala visiwa vya Mauritius na Réunion mwaka 1735, aliuingiza huko ili uwe chakula cha watumwa. Kabla karne ya 18 haijaisha ulikuwa umefika Madagaska na Unguja.

Uliwezaje kuvuka bahari? Shina la muhogo lililokomaa lina akiba ya maji na chakula ndani yake. Likiwekwa kivulini laweza kukaa majuma kadhaa bila kufa, na kila jicho lake laweza kuchipuka. Basi tita moja la vijiti latosha kuanzisha shamba katika nchi ngeni.

Lakini hapa pana jambo la kufahamu. Wahenga walisema, mtoto wa nyoka ni nyoka. Kipande cha muhogo chapita hapo, kwa maana si mtoto wa mmea, bali ni mmea ule ule, uliokatwa ukaendelea kuishi mahali pengine. Mama akiwa mtamu, nacho ni kitamu. Mama akiwa mgonjwa, nacho ni kigonjwa tangu siku ya kwanza.

Mwaka 1894 Mjerumani mmoja, Otto Warburg, aliandika habari za muhogo wa Usambara ambao majani yake yalijikunja na kuharibika umbo. Hayo ndiyo maandishi ya kwanza tuliyo nayo juu ya maradhi tunayoyaita batobato. Mmea ulioshikwa huwa na majani yenye mabaka ya manjano, nayo mizizi hudumaa.

Katika milima hiyo hiyo Wajerumani walianzisha kituo cha uchunguzi cha Amani mwaka 1902, nacho baadaye kikawa mikononi mwa Waingereza. Huko, katika miaka ya 1930, H. H. Storey na R. F. W. Nichols waliyachungua maradhi hayo. Ilijulikana kuwa yaletwa na virusi, na kwamba yana njia mbili za kusafiri: inzi weupe wadogo wanaofyonza majani, na mkono wa mkulima mwenyewe, akatapo kipande katika mmea mgonjwa na kukipeleka shamba jipya. Wataalamu hao waliuchanganya muhogo na mti wa mpira wa Ceara, ambao ni jamaa yake, wakapata mihogo yenye nguvu ya kushindana na batobato. Katika miaka ya 1950 mbegu za uzao huo zilipelekwa Nijeria.

Huenda mtu akasema, hayo ni mambo ya kale. Sivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali mno ilizuka Uganda, ikaenea mwaka hata mwaka, mpaka katika wilaya nyingi watu wakaacha kulima muhogo, na njaa ikaingia. Miongoni mwa aina zilizowaokoa katika miaka ya 1990 zilikuwamo zilizotoka Nijeria, zenye damu ya ile mihogo ya Amani. Kilichotoka kwetu kilirudi kutusaidia.

Basi tufanyeje nyumbani? Kwanza, tuchague shina kabla ya kuvuna, wakati majani bado yapo, maana majani ndiyo yanayosema kweli. Mmea wenye mabaka tusiutwae hata kidogo. Pili, tukate katika shina lililokomaa, la miezi minane au zaidi, tukiacha ncha changa ya juu, ambayo hukauka au kuoza upesi. Kipande kiwe na urefu wa shubiri moja au kuzidi kidogo, chenye macho matano mpaka saba, nacho kikatwe kwa kisu kikali kisichopasua gamba. Tatu, tukipanda mvua zinapoanza, macho yaelekee juu. Kikipinduliwa huchelewa kuota. Miche ikichipuka, tuitazame. Utakaoonyesha mabaka na ung'olewe mara moja.

Jirani anapotuomba mbegu ya muhogo, ni desturi njema kumpa, na kumnyima ni aibu. Lakini tumpe kilicho kizima. Tukimpa kipande kigonjwa, tumempa njaa ya mwakani, naye atatushukuru asijue.