Papa Mkavu kwenye Mchuzi wa Pwani

Papa mkavu ni mgumu kama gogo, na harufu yake humtangulia mpishi mlangoni. Ndiye aliyekoleza michuzi ya Bagamoyo, Kaole na Saadani kwa vizazi vingi.

Kabla ya barafu, samaki aliyebaki aliokolewa kwa chumvi na jua: chumvi huvuta maji, jua humalizia, ladha ikabaki imejikusanya. Majahazi ya Oman na Ghuba yalishuka na kaskazi yakileta tende na papa, yakarudi na kusi yamepakia boriti za mikoko. Bagamoyo ya karne ya 19, mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji, ilijaa wapagazi wa kulishwa, na kitoweo kisichooza kilikuwa mali.

Jikoni, kipande huroweshwa chumvi ipungue, maji yakamwagwa, nyama ikachambuliwa na kupikwa kwa nyanya, ndimu na tui. Kidogo tu hutosha sufuria nzima. Ni ustadi unaostahili heshima ileile wanayopewa Waitaliano, wanaotia maganda makavu ya jibini ya Parmigiano kwenye supu.

Leo papa wamepungua baharini, na wapishi wengi hutumia ng'onda wa samaki wengine.