Popo wa Hambach na Mlima wa Kutengenezwa

Wajerumani wa upande wa Rhine wana hadithi moja ambayo mtu aliyelelewa na ngano za sungura ataitambua mara moja. Arnold, mwimbaji wa baraza la Karolo Mkuu, aliwaona wanavijiji wanateseka kwa kukosa kuni ilhali msitu uko mlangoni pao, ila ni wa mfalme. Akamwomba mfalme ampe sehemu ya msitu atakayoweza kuizunguka kwa farasi wakati bwana mkubwa anakula. Mfalme akakubali. Kumbe jamaa alishaweka farasi wapya kila kijiji njiani! Kabla mfalme hajanawa mikono, msitu mzima umezungukwa, na Arnold akawapa wanavijiji.

Kama ilikuwa hivyo kweli, sijui nani atathibitisha leo. Lakini haki yenyewe ilikuwepo. Kwa karne nyingi vijiji vilivyo kati ya Cologne na Aachen viliutumia msitu ule kwa pamoja: kuni, mbao za kujengea, nguruwe kulishwa matunda ya mialoni. Nyanda za jirani zina udongo mzuri sana, zikafyekwa zote zikawa mashamba. Msitu ukabaki kwa sababu ulikuwa na wenyewe wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ulikuwa bado na hekta 4,100 hivi.

Chini yake kulikuwa na makaa ya mawe, yale laini ya rangi ya kahawia. Mwaka 1978 mgodi wa Hambach ulianza kuchimbwa, na makaa ya kwanza yakatoka mwaka 1984. Eneo lililoidhinishwa kuchimbwa lilikuwa kilomita za mraba 85. Mitambo ya pale ina gurudumu kubwa lenye ndoo pembezoni, na mmoja mkubwa unaweza kuondoa mita za ujazo 240,000 za udongo kwa siku. Shimo lilisogea mwaka hadi mwaka, kila hatua ikitanguliwa na misumeno. Vijiji navyo vikahamishwa: Lich-Steinstraß, Etzweiler, baadaye Manheim, kule ambako Michael Schumacher alikuwa akiendesha magari madogo ya mashindano utotoni.

Sasa kuna popo mmoja, Wajerumani humwita popo wa Bechstein. Uzito wake ni kama gramu kumi tu. Huyu si popo wa kwenye dari za nyumba. Majira ya joto majike hukusanyika na watoto wao ndani ya matundu ya miti, mengi yakiwa yametobolewa na vigogota, na hawakai tundu moja. Baada ya siku chache wanahama, wanaenda mti mwingine, tena na tena. Kwa hiyo kundi moja linahitaji matundu mengi, na matundu mengi maana yake miti mingi mizee. Kingine kilichonishika niliposoma habari zao ni kwamba binti haendi kuanzisha maisha mbali: hubaki katika kundi la mama yake na bibi yake. Kila jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Ukikata msitu wao, huwezi kuwaambia wahamie ng'ambo, maana ng'ambo hawana ukoo, wala hakuna mti wenye tundu.

Nisiionee kampuni, lakini. Udongo wa kwanza uliotolewa shimoni ulirundikwa pembeni ukawa mlima, Sophienhöhe, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 13 na kimo cha zaidi ya mita 200 kutoka tambarare. Haukuachwa hivihivi kama vifusi vingi tunavyoviona duniani. Juu yake walitandaza changarawe iliyochanganywa na ule udongo laini wa nyanda, wakapanda mamilioni ya miti. Walihamisha hata vichuguu vya chungu wekundu wa msituni. Wakatengeneza mabwawa. Ndege wamekuja, watu wanapanda kutembea Jumapili. Barabara kuu ya A4 ilipohamishwa kuupisha mgodi, walijenga juu yake madaraja yaliyopandwa mimea ili popo wavuke. Wanaosema kazi ile ni danganya toto hawajaitazama vizuri.

Ila mti uliopandwa mwaka 1980 ni kijana bado. Mwaloni unahitaji miaka mingi zaidi kupata shina nene, tawi lililooza, kigogota wa kutoboa, ndipo popo aingie. Mgodi unahesabu kwa mwaka wa fedha. Popo wa mwaka huu anahitaji tundu mwaka huu.

Kufikia 2018 msitu wa kale ulibaki hekta 200 hivi, na kampuni, RWE, ilitaka kukata karibu nusu yake. Wanaharakati walikuwa wameishi juu ya miti tangu 2012. Septemba 2018 polisi wakaanza kuwashusha. Tarehe 5 Oktoba Mahakama Kuu ya Utawala ya Münster ikasimamisha ukataji, kufuatia kesi ya shirika la mazingira la BUND. Wengi wanasimulia eti popo alishinda kesi. Sivyo hasa. Swali lilikuwa kama msitu ulistahili ulinzi chini ya sheria ya Ulaya ya 1992 kuhusu makazi ya viumbe, na mahakama ilisema jambo hilo ni zito mno kuamuliwa haraka, nao ukikatwa haurudishiki. Basi, subirini. Machi 2019 mahakama ya Cologne ikazitupa kesi za BUND. Lakini kwa wakati ule siasa ilikuwa imegeuka: tume ya serikali ilishapendekeza msitu uachwe, na Januari 2020 ikakubaliwa hivyo. Mimi naiona miezi ile ya kusubiri ndiyo iliyookoa kila kitu. Arnold alihitaji muda wa mlo mmoja. Hawa walihitaji kama mwaka na ushei.

Uchimbaji wa makaa katika eneo hilo umepangwa kukoma 2030. Shimo litajazwa maji yatakayoletwa kwa bomba kutoka mto Rhine, kazi ya miongo kadhaa. Kwa sasa mashine zimehamia upande wa Manheim, safari hii zikitafuta udongo wa kuimarisha kingo za shimo, na msitu umebaki kama rasi yenye mgodi pande mbili. Popo wanaotaka kufika misitu mingine ya jirani wanategemea vishoroba vya miti michanga vilivyopandwa kuwaunganisha.