Kudhuru na Kudhulumu



Waingereza wana neno "injure", ambalo vijana wetu hulifasiri kuwa ni kujeruhi. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kale ni kutenda lisilo haki. Jeraha la mwili lilikuja baadaye. Sisi tunayo maneno mawili, yote ya Kiarabu: kudhuru, ambalo asili yake laanza kwa dhadi, na kudhulumu, ambalo laanza kwa dhaa. Wanazuoni wa lugha wamesema dhuluma ni kukiweka kitu pasipo mahali pake. Mtu aweza kumdhuru mwenziwe kwa bahati mbaya. Lakini hadhulumu ila aliyeivuka haki.

Yupo mtu mmoja katika tarehe yetu ambaye kisa chake chatufunza maana ya maneno haya. Katika nchi ya kale ya Karagwe, ambayo leo imo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, palikuwa na kituo cha wafanya biashara wa Kiarabu na Waswahili kikiitwa Kafuro. Hapo aliishi Ahmed bin Ibrahim, aliyefika Buganda mwaka 1844. Siku moja, mbele ya Kabaka Suna, aliona watu wakipelekwa kuuawa. Alisimama akasema kwamba hao ni viumbe wa Mwenyezi Mungu, aliyempa Kabaka huo ufalme, na kuwaangamiza bila ya sababu ni dhambi kubwa. Mwenyewe alikuja kumhadithia Emin Pasha habari hii miaka mingi baadaye.

Tazameni ushujaa huo! Mgeni, peke yake, mbele ya mfalme.

Lakini Stanley, aliyefika Kafuro mwaka 1876, alimkuta mzee huyu ana ng'ombe, pembe za ndovu, na watumwa. Hatumhukumu aliyekwisha kwenda mbele ya haki. Ila Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuhadharisha kwamba anayemuuza mtu huru na kula thamani yake, Mola mwenyewe atakuwa hasimu wake Siku ya Kiyama. Na katika biashara ya zama zile, wangapi walizaliwa huru?

Basi dhuluma ya mfalme huonekana upesi. Iliyomo nyumbani mwetu huitwa desturi. Tuanze na mtumishi wa jikoni, yatima, na mirathi ya dada zetu.

Mwenyezi Mungu atuepushe na kudhulumu na kudhulumiwa. Amin.